Pigo Linalochelewa

Jumatatu, 2 Juni
Baridi. Nimefungua steshenari saa mbili, vidole vimekufa ganzi. Nakala za vyeti vya ubatizo, basi. Upepo wa Malangali unapita chini ya mlango bila hodi. Saa tano barua pepe: wale watu wa gemu wamekipenda kipande changu cha piano, "Ulezi". Kitaingia kwenye gemu lao la simu, lile ambalo vigae vinashuka kwenye kioo nawe unavigonga kufuata muziki. Ukiwahi umekosa. Ukichelewa umekosa. Nimetafuta mtu wa kumwambia. Nikaiambia mashine ya fotokopi.

Alhamisi, 5 Juni
Mazoezi ya kwaya. Nimemwamkia Mzee Kalisto, mwalimu wetu, nikamweleza habari ya gemu. Akauliza kama humo watu wanasali. Nikasema hapana. "Basi nyimbo za Komunyo usiwape." Nimecheka peke yangu njia nzima. Nyumbani, ugali wa mtu mmoja. Tangu mama afariki sijaujulia kipimo, kila siku unabaki.

Jumanne, 10 Juni
Barua nyingine. Wamewapa watu wachache wajaribu, na wote wanakosa mahali pamoja: mkono wa kushoto, kila pigo la nne linachelewa kidogo. Wanadhani nimekosea kurekodi. Ninyooshe, niwarudishie kabla ya tarehe ishirini.

Si kosa. Ni dada Filomena. Utoto wote tulipura ulezi pamoja uwanjani kwa mama, Kasense. Tunatazamana, fimbo mbili, napiga mimi, anapiga yeye. Kila pigo lake la nne alichelewa, maana alikuwa anapangusa makapi usoni. Mama alifoka mpaka akachoka. Tukazoea. Nilipotunga sikujua kama nimemtia humo. Nimekasirika. Sikumwalika.

Jumatano, 11 Juni
Nimenyoosha. Dakika kumi tu, kompyuta inajua kazi yake. Aende. Mwenyewe alisema hataki kuniona.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya misa ya pili, kanisa tupu, nimeupiga muziki ule ulionyooshwa. Mzee Kalisto alikuwa anakusanya vitabu vya nyimbo. Akasimama. "Binti, mbona unapura peke yako? Mwenzio kaenda wapi?"

Sikuwahi kumwambia habari za fimbo. Lakini kazaliwa kwenye ulezi yule, masikio yake yanajua. Nimefunga kinanda nikatoka bila kuaga. Nimelia hadi barabarani.

Jumatatu, 16 Juni
Niandike yote, hakuna anayesoma. Mwaka juzi tulipomzika mama, Filomena alikuwa njiani anatoka Mbeya, basi limeharibika. Padri alikuwa na maziko mengine Mpui. Akasema anaweza kutangulia huko kisha arudi kwetu. Baba mdogo akaniuliza, tumsubiri? Nikasema huyo kuchelewa ndiyo tabia yake, tuzike.

Alifika saa moja baadaye, akakuta tumeshaweka msalaba. Ukoo mzima unaamini padri ndiye aliyeharakisha. Yeye alinitazama tu, akajua. Miaka tisa nilimuuguza mama peke yangu, na siku ile nilitaka dada yangu aumie. Aliumia. Mimi sijapona.

Alhamisi, 19 Juni
Nimewatumia ule wa kwanza, na pigo lake. Nimeandika: huyo ni mtu, simtoi. Mkiona haufai, uacheni. Nilipokwisha kutuma ndipo nikaogopa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ijumaa, 27 Juni
Kimya. Hata wateja hakuna. Naona nimejikosesha kitu pekee kilichowahi kunitoa hapa kaunta.

Jumatano, 2 Julai
Wameuweka! Umo kwenye ngazi ngumu kuliko zote. Wachezaji wanaandika maoni chini yake, wengi wanatukana. Mmoja kwa Kiswahili: "Aliyetunga hii alikuwa kalewa?" Nimesoma yote. Watu wa nchi nisizozijua wanamchukia dada yangu, nami nimeona wanamwonea. Nilidhani kumchukia ni kazi yangu mwenyewe.

Nimemtumia gemu. Nimeanza na shikamoo, ambayo sikumpa siku ya msiba. Kisha: padri alikuwa tayari kusubiri, ni mimi nilikataa. Nimezima simu nikaificha kwenye droo ya karatasi.

Jumatatu, 7 Julai
Amesoma. Hajajibu. Ana haki yake, lakini inauma. Nimekwenda Kasense, ulezi umekauka vizuri. Nimepura kidogo peke yangu, nikaacha. Ukipiga peke yako unasikia kila unapopumua. Nimerudi mjini kwa miguu ili nichoke.

Alhamisi, 10 Julai
Amejibu saa sita mchana, namkatia mteja picha za pasipoti. "Marahaba. Nimecheza mara saba. Nakosa kote. Pale tu sikosi." Habari za padri, hata neno. Baada ya dakika chache: "Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Usipure wote." Picha za mteja nimezikata vichwa. Nimempiga nyingine bure.

Jumamosi, 12 Julai
Kasense. Nimefagia uwanja, nimetandaza ulezi. Fimbo mbili nimeziegemeza ukutani. Basi lilitakiwa kuwa limefika saa saba. Sasa ni saa tisa na simu yake haipatikani. Baba mdogo amepita, akauliza mbona sianzi na upepo ni mzuri wa kupepeta. Nimemwambia namsubiri Filomena. Akanitazama, akaenda zake.

Saa kumi. Bado. Jua limehama, nami nimehamisha kigoda.