Mawili ya Mama, Siyo Manane

Baba yangu, shikamoo huko uliko.

Ulipokuwa hai hukuwahi kuuliza habari yoyote kabla ya habari za mama, basi naanza nazo. Mama ana meno mapya. Usicheke kwanza.

Mwaka mmoja baada ya kukuzika, yule ng'ombe wako mwekundu alimrushia teke akiwa anakamua. Yakatoka mawili ya mbele, ya juu. Unakumbuka alivyokuwa akiongoza nyimbo za akina mama kanisani? Alinyamaza. Akawa anaongea ameziba mdomo kwa kanga, na nyimbo akamwachia jirani ambaye, Mungu anisamehe, hajui kuimba. Nyumba ikapoa, baba, kama tumekuzika mara ya pili.

Nikampeleka Mwanza kwa daktari wa meno. Siku hizi wanatoboa taya, wanaweka skrubu ndogo, mnasubiri miezi mfupa uishike, ndipo jino linafungwa juu yake. Unatafuna nalo kama la kuzaliwa. Mimi, kwa kiherehere changu unachokijua, nikamwambia daktari aweke manane: hayo mawili, pamoja na yale sita ya chini ambayo mama aling'olewa usichanani, kama desturi ya kwao Wajaluo ilivyokuwa. Sikumuuliza mwenyewe. Nilidhani nampa zawadi.

Ukweli ni kwamba lile pengo nililionea aibu tangu shule ya msingi hapa Susuni, wenzangu walipokuwa wakiniita mtoto wa kibogoyo. Siku niliyorudi nalia ulikuwa unampukuchulia mama mahindi ya kuchoma kwa dole gumba. "Mimi Mkurya," ukaniambia, "lakini pengo hilo ndilo lililonifanya niswage ng'ombe wa mahari mpaka Ujaluoni." Mama akakupiga kofi la bega. Mimi nikaendelea kununa.

Aliposikia "manane", mama alinyanyuka kwenye kiti cha daktari.

"Nyathina, mwanangu, haya mawili nilipigwa na ng'ombe. Yale sita sikupoteza. Nilikaa chini mwenyewe, yakang'olewa watu wakitazama, na sikulia. Sasa wewe unayarudisha kama nani?"

Daktari akanitazama.

"Mawili, daktari," nikasema.

Miezi ilipita, skrubu zikashika, meno yakafungwa. Jumapili iliyopita mama alisimama mbele, akaanzisha wimbo, na ulipokwisha akacheka mdomo wazi, juu meno meupe, chini pengo lake. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Mbona ya chini hawakumalizia?"

Zamani ningeinamisha kichwa. Nikageuka.

"Pale hapana kilichoharibika," nikamjibu, kwa sauti, mpaka mzee wa kanisa akakohoa. "Na yule ni mama yangu."

Nimejivuna, baba, na sitaki kutubu.

Pumzika sasa. Mkeo anaimba.

Binti yako wa pili,
Bhoke