Nilicheza Isukuti Mbele ya Mkwe Wangu

Mpendwa mshauri Ayuma, nisikilize kabla woga haujanimaliza, maana tangu harusi ile ya Mukumu hata uji naumeza kwa kujilazimisha. Mimi ni mjane wa miaka sitini na sita, naishi Shianda, na mume wangu alipofariki nilikaa tu kwenye kiti cha mlangoni nikitazama miwa ya watu ikipita kwa trekta, nikijiambia kwamba kazi iliyobaki ni kungoja zamu yangu, mpaka jirani yangu Edah akaja akanivuta mkono, akaniingiza kwenye kikundi chao cha akina mama wanaocheza isukuti kwenye harusi na sherehe za kanisa, nami nikakataa nikisema magoti hayawezi, kumbe magoti yalikuwa yanangoja ngoma.

Mshauri, nilifurahi. Nilianza kulala vizuri, nikapika ingokho, kuku wetu wa kienyeji, hata siku ambayo hakuna mgeni, nikajikuta nacheka peke yangu shambani, na wajukuu wakasema kukhu, bibi yao, siku hizi ana sauti.

Siku ya harusi hiyo wapiga ngoma tuliowazoea hawakufika, wakaletwa wengine, na mimi sikuwatazama nyuso kwa sababu ngoma ilikuwa imeshanipanda, nikaingia katikati, mabega yakaenda, nikainama mbele ya mwenye ngoma kubwa kama tunavyofanya kila mara, macho nimefumba, na hapo leso ikafunguka kiunoni ikaanguka nikabaki na petikoti, na nilipofumbua macho, aliyeshika ngoma alikuwa Elkanah, mume wa binti yangu Nasambu. Wewe ni mtu wa huku, unajua sisi mama mkwe na mkwe hatushikani hata mkono, hatuli meza moja, tukikutana njiani mmoja anapisha, sasa huyu ameniona petikoti. Aliiacha ngoma chini akakimbia bila hata kula. Tangu hapo hajanipigia simu, na mimi siwezi kukanyaga boma lake.

Sasa Nasambu ana mimba kubwa, mwezi wa nane. Wiki hii amenitumia ujumbe kwamba uso na mikono imevimba hadi pete haitoki kidoleni, kichwa kinamuuma hakipoi, na saa nyingine anaona nyota machoni. Wifi yangu Rachael alikuja hapa nyumbani akasema, "Mama muzima unachezanga mbele ya mukwe? Huo mwiko hautakushika wewe, utashika mwenye ako kwa tumbo." Nimeogopa, mshauri. Leso ile nimeichoma, kikundi nimeacha, nimemwambia Mungu achukue furaha yangu yote aniachie mtoto wangu, na bado anavimba. Je, nikiacha kucheza kabisa mpaka kufa kwangu, atapona?

Mama Nasambu, Shianda

Ayuma anajibu:

Mama Nasambu, barua yako sikuimaliza mara moja. Nilipofika kwenye pete isiyotoka kidoleni nilitafuta nambari uliyoandika chini nikakupigia, maana gazeti hutoka Jumamosi na binti yako hakuwa na muda wa kungoja Jumamosi. Kwa faida ya wasomaji, nilichokuambia ni hiki: mjamzito akivimba uso na mikono, kichwa kikamuuma na macho yakaona nyota, huenda ni presha imempanda, na presha hiyo huua mama na mtoto. Si ya kuombewa kwanza halafu tuone. Ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Nawe ukanijibu, "Nitaingia aje kwa mukwe, mama?" Hapo nilikukaripia, na leo nakukaripia tena mbele ya watu. Ukanipa nambari ya Elkanah, nikampigia mwenyewe. Ulidhani ana hasira nawe, kumbe kijana wa watu anakufa kwa aibu. Alikuwa ameona mkewe anavimba, naye pia akasema ni mwiko, akawa anazunguka vijijini kutafuta mzee wa kuutakasa. Wewe umejificha Shianda, yeye amejificha kwa wazee, na mwenye kuumwa yuko katikati yenu peke yake. Watu wazima wawili! Nashukuru kwamba nilipomfokea alisikia, akampeleka mchana ule ule.

Mila siitukani. Mimi pia nina mkwe, na nikimwona sokoni nageukia nyanya kana kwamba sijawahi kuona nyanya. Lakini heshima hiyo iliwekwa ili nyumba mbili zisidharauliane, haikuwekwa ili binti afe. Tena wazee waliacha njia ya kutokea: mkwe atatuma leso mpya na kuku kwa mkono wa mtu mwingine, utapokea, na neno hilo halitatajwa tena. Mtafanya hayo baadaye. Rachael naye mwambie hajasomea ukunga.

Swali lako la mwisho limeniuma. Unamrudishia Mungu furaha yako kana kwamba uliiiba. Mwanamke aliyezika mume akajifunza kucheka tena hajamnyang'anya mtu chochote, na hakuna mtoto aliyewahi kuvimba kwa sababu mama yake alicheka. Rudi kikundini. Shona sketi yenye ukanda, leso uache kuiamini, na kabla hujaingia katikati uliza ni nani anapiga ngoma. Ukiambiwa ni Elkanah, siku hiyo kaa chini upige makofi.

Lakini sikudanganyi, binti yako bado hajatoka hatarini. Madaktari wanasema huenda wakamtoa mtoto mapema, na hakuna anayejua itakuwaje. Jana nilipiga tena, Edah akashika simu yako, akaniambia unafika hadi mlango wa wodi unarudi, kwa sababu Elkanah amekaa kando ya kitanda. Mama, Nasambu anakuulizia. Anaogopa kuliko wewe. Kitanda kile kina pande mbili. Ingia, mpe Elkanah mgongo ukitaka, na umshike mtoto wako mkono.