Kichupa Kimoja cha Mapacha Wawili

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: analo afande, kazini wananiita Tone. Umri: miaka 38. Kazi: fundi sanifu, maabara ya vinasaba ya hospitali. Makazi: nyumba za kupanga nyuma ya hospitali.

Nimeonywa kuwa nikisema uongo nitashtakiwa. Sina hamu ya uongo, afande. Ukweli wenyewe umenichosha.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, nilikuwa maabara na bosi wetu, Daktari, ambaye ndiye mlalamikaji. Mama mmoja, fundi cherehani, alikuja na mwanawe kufuata majibu. Kijana huyo alikuwa na pacha wake wa kufanana, aliyefariki kwa saratani ya damu. Marehemu alitolewa uboho wa ndani ya mfupa alipokuwa mgonjwa, na kichupa kimoja kilibaki kwenye friza letu. Huyu aliye hai naye akatolewa. Mama alitaka jambo moja tu, kujua kama ugonjwa umeshamwanza mtoto aliyebaki.

Afande ameniuliza kipimo chenyewe kikoje. Tunatumia ushanga mdogo ambao kwa macho utadhani ni vumbi. Mashine inafungia kila seli ndani ya tone dogo la maji lililozungukwa na mafuta, pamoja na punje moja ya ushanga. Seli inapasuka humo, na punje inanasa ujumbe wa vinasaba vilivyokuwa vinafanya kazi. Kila punje ina alama yake, kwa hiyo tunasoma maelfu ya seli kwa mpigo na bado tunajua ujumbe upi umetoka seli ipi. Ila alama hiyo inatenga seli na seli. Haisemi seli ni ya nani.

Dawa za kipimo ni ghali, nasi tukajiona wajanja. Tunachanganya seli za watu wawili, halafu kompyuta inawatenganisha kwa tofauti walizozaliwa nazo. Haijawahi kutushinda, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Vichupa vinatufikia na namba tu, eti usiri. Tukachanganya namba mbili zilizofuatana, na hakuna aliyetuambia ni mapacha. Mapacha wa kufanana hawana tofauti ya kuzaliwa. Kompyuta ikaleta mtu mmoja. Nilirudia hesabu wiki nzima, ikaleta mtu yule yule mmoja.

Seli za ugonjwa zimo. Za marehemu zimo kwa hakika. Kama na za huyu aliye hai zimo, hakuna awezaye kusema. Afande ameuliza kwa nini asitolewe uboho tena. Anaweza kutolewa, lakini ugonjwa ukiwa mchanga hivyo lazima tuwe na za marehemu za kulinganisha, na tulizichanganya zote.

Daktari alimweleza mama kwa maneno marefu. Mama akanigeukia mimi, akasema, "Mwanangu, niambie wewe, kwa lugha ya watu." Nikamwambia. Nikamwonyesha na kichupa cha mchanganyiko uliobaki, kwenye kasha la barafu, naye akauliza kama humo wamo wote wawili. Nikasema wamo.

"Basi nipe," akasema.

Daktari akamwambia hiyo ni mali ya hospitali. Mama hakubishana. Alikwenda kwenye kasha la barafu, akachukua kichupa nilichokuwa nimemwonyesha, akakitia kifuani ndani ya nguo. Hakuvunja kitu wala hakumgusa mtu. Hiyo fujo anayodai Daktari mimi sikuiona.

Mwanawe alimshika mkono, akamwambia, "Mama, mimi niko hapa." Mama hakumtazama. Niliumia sana, afande, andika hivyo hivyo.

Daktari aliita walinzi. Walipokuwa wanamtoa mama, kijana alibaki nyuma akaniuliza, "Kaka, sasa mimi nifanyeje?" Nikamwambia asubiri. Akauliza asubiri nini, dawa au ugonjwa.

Nimesema niliyoyaona, na hapa nimeishia.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari mpelelezi: Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali. Nilimshauri aondoe habari za kijana kwa kuwa hazihusu wizi. Amekataa. Kichupa kimepokelewa kama kielelezo na kimo kwenye droo ya meza yangu.