Kibati cha Mlangoni

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ukiacha mguu wangu unaotabiri mvua kuliko redio, na macho ya mama yako. Mtoto wa jicho ameyafunika mpaka sasa ananitambua kwa kikohozi. Anayemsomea barua zako ni mimi. Simu usipige, masikio yangu niliyaacha kwenye injini za malori.

Tumefurahi umepata kazi ya udereva. Mama yako amewatangazia majirani mpaka nikaona haya. Ila nina swali, na unajua maswali yangu hayana adabu. Leseni uliyoondoka nayo hapa ni ya magari madogo. Huyo tajiri wako amekupa gari gani? Niandikie ukubwa wake, rangi sina haja nayo.

Ni mimi,
Baba


12 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Na ya mama umfikishie, usiimeze njiani. Mimi mzima kabisa, nimeanza hata kunenepa.

Ondoa wasiwasi. Gari ni la kawaida tu, tunasambaza magodoro. Magodoro, Baba! Mtu mmoja anabeba matatu kichwani. Tajiri alinieleza siku ya kwanza kwamba leseni kubwa ni ya wabeba simenti na mawe, mzigo wetu haufiki hata tani mbili. Nikamuuliza, na trafiki je? Akacheka, akasema trafiki nao wanalalia magodoro.

Chumba changu kina dirisha linaloangalia yadi. Asubuhi nawasha injini, nasubiri mshale wa upepo upande, huku nimeegemea mlango nakunywa chai. Hapo najiona na mimi ni mtu. Mwambie mama nakula vizuri.

Binti yako


19 Februari

Mwanangu,

U hali gani? Sisi ni walewale, mvua imenyesha kama mguu ulivyosema.

Mama yako nimemsomea, akafurahi sana nilipofika kwenye chai. Mimi hapo ndipo nilipoacha kufurahi. Gari dogo halina mshale wa upepo. Breki zake ni za mafuta, unawasha na kuondoka. Anayesubiri upepo ujae ana breki za upepo, na hizo hazifungwi kwenye gari la kitoto. Umenificha, au wewe mwenyewe umefichwa. Sijui lipi linaniudhi zaidi.

Fungua mlango wa dereva. Pembeni, karibu na bawaba, kuna kibati kimepigiliwa. Kimeandikwa uzito wa gari likiwa tupu, na uzito linaoruhusiwa likijaa. Soma huo wa pili. Ukizidi tani tatu na nusu, unatakiwa kuwa na leseni ya magari makubwa, hata ukibeba manyoya ya kuku. Sheria haikuulizi leo umepakia nini, inauliza gari limeundwa kubeba nini. Likifungwa tela ndiyo kabisa, tela lina mtihani wake. Nijibu kwa namba, chai niachie.

Baba


2 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umetulia.

Nimefungua mlango. Kibati kipo, lakini kimepakwa rangi ya bluu. Mlango mzima rangi imechakaa, pale tu ndipo papya. Nilikikwangua kwa funguo wenzangu walipokwenda kula. Tani kumi na mbili.

Nilikwenda kwa tajiri. Akaniuliza, “Wewe umeajiriwa kuendesha gari au kusoma milango?” Halafu akaniambia Jumatatu ya tarehe 25 wananifungia tela, nishuke nalo mteremko mpaka tawi la bondeni. Getini kuna wanaume wawili, kila siku wanaisubiri nafasi yangu. Baba, nitashuka. Kazi hii niliitafuta mwaka mzima.

Na kuna jambo jingine. Nilipokuwa nakwangua nilikumbuka sanduku lako la bati. Nilikuwa na miaka kumi na tano, natafuta cheti changu cha kuzaliwa, nikaishika leseni yako. Siku nilipopewa yangu nilifurahi kwamba zinafanana, daraja ni lilelile. La magari madogo. Na wewe umeendesha malori yenye tela miaka ishirini na mbili.

Kwa hiyo nakuuliza kwa heshima zote, nani anamfundisha nani? Na ile ajali iliyokuvunja mguu ikamuua mjomba, ulituambia breki zilikataa. Zilikataa kweli? Najua sehemu hii hutamsomea mama.

Binti yako


16 Machi

Baba,

Shikamoo. Wiki mbili sasa. Kimya kingi kina mshindo. Usiniambie barua ilipotea, kondakta wa basi ameniapia alikukabidhi mkononi.

Tela limeshaletwa yadini. Nimelizunguka mara tatu, nikajifanya nakagua tairi. Kama una la kusema, liseme kabla ya Jumatatu ya tarehe 25.

Binti yako


20 Machi

Mwanangu,

Salamu. Miili yetu mizima.

Breki hazikukataa.

Juu ya mteremko kulikuwa na kibao: tumia gia ndogo. Mjomba wako alikuwa ameomba lifti tu. Akakisoma kwa sauti. Nikamwambia mimi si mwanafunzi. Nikashuka na gia kubwa, injini hailizuii gari, nakanyaga breki, naachia, nakanyaga, naachia, mpaka ngoma za breki zikatoa moshi na upepo ukaniishia. Nimesikia chuoni hayo wanafundishwa wiki ya kwanza. Mimi chuo sikukiona, nilijifunza kwa kuchungulia mikono ya wengine. Tajiri wangu aliniambia leseni ndogo inatosha kwa sababu tunabeba pamba. Pamba, mwanangu.

Mama yako anamlilia kaka yake mpaka leo, na analaani chuma. Nami nimemwacha akilaani. Nilikuhoji kama polisi kwa sababu mimi ni mwongo wa zamani, nawanusa wenzangu toka mbali. Naona aibu, na naogopa kuliko nilivyoogopa siku ile.

Usishuke. Nakuomba, sikuamuru. Barua hii ukishaisoma ichome.

Baba


8 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Barua yako ilinikuta Jumatatu ileile asubuhi, nimo ndani ya gari, tela nyuma, mshale unapanda. Niliisoma mpaka mshale ukafika juu. Nikazima injini.

Nikampelekea tajiri funguo. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia sina leseni ya gari hili. Akasema hata dereva aliyenitangulia hakuwa nayo. Nikamuuliza, “Yuko wapi sasa?” Akageuka kuangalia dirishani. Nilipotoka niliwaonyesha wale wawili wa getini kibati. Mmoja akaenda zake. Mwingine akapanda, akashuka na tela, na wanasema alifika salama. Kila nikisikia honi bado nauliza kama amerudi.

Sasa nasoma chuo cha magari makubwa asubuhi, mchana naosha vyombo mgahawani. Ni kweli, wiki ya kwanza walitufundisha gia ndogo. Nililia darasani, mwalimu akadhani namwogopa yeye.

Nimekukasirikia, Baba, na nimekushukuru, na sijui kimoja kinaanzia wapi na kingine kinaishia wapi. Barua yako sijaichoma. Nimeirudisha humu ndani ya bahasha. Msomee mama yote. Usiruke mstari hata mmoja.

Binti yako


22 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Mguu hauniumi, au sijapata nafasi ya kuusikiliza.

Nilimsomea Jumapili ya tarehe 14, mchana, baada ya chakula. Sikuruka kitu. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaipapasa. Akasema, “Soma tena pale pa kibao.” Nikasoma. “Tena.” Nikasoma. Nilimwomba msamaha, sijui kama ulimfikia. Tangu hapo hajasema nami neno, na leo ni siku ya nane.

Asubuhi hii amemwita jirani yetu mshonaji. Amempa barua zako zote tangu ulipoondoka, na hiyo yangu, asomewe upya na mtu mwingine. Anataka kujua ni mangapi mengine niliyaruka. Yapo machache, ya kijinga tu, kama ile siku uliyougua. Mimi nimekaa nje kwenye ngazi. Sauti haifiki kwenye masikio haya, lakini kupitia dirishani nauona uso wake, na najua wamefika wapi.

Mshonaji ametoka sasa hivi na ujumbe, amenipigia kelele sikioni. Mama yako anauliza mtihani wako ni lini. Na amesema barua hii nisiifunge. Itasomwa kwanza.

Baba