Mume Wangu Anataka Kutembea Tena na Mama Mazu

Mpendwa Shangazi Pi-hsia,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana wifi yangu ananisukuma nifanye jambo ambalo moyo unalikataa na hofu inalikubali, na mimi nipo katikati, sijui nishike lipi.

Sisi tuna kinu cha kukoboa mpunga hapa Yuanli, mume wangu Jui-teng alikirithi kwa baba yake, na kusema kweli Shangazi, mwanamume huyu alikuwa anakula wali kama mtu anayeogopa kwamba kesho hautapikwa, asubuhi wali, mchana wali, jioni wali, na katikati chai baridi ya chupa yenye sukari tele, moja baada ya nyingine, kwa sababu vumbi la pumba linakausha koo. Na kila mwaka alikuwa anatembea na msafara wa Mama Mazu, mungu wetu wa bahari, kwenda na kurudi, hajawahi kukosa. Mwaka juzi alirudi anacheka, akaketi mlangoni ananisimulia nani alisinzia huku anatembea na nani aligombana na wapiga ngoma, huku anavua viatu, na alipovua cha kulia nikaona soksi imelowa damu, na yeye bado anasimulia. Nikamwambia, "Baba Hao, mguu wako!" Akautazama kama mguu wa jirani. Hakuwa anasikia maumivu hata kidogo.

Hospitali walipima sukari, daktari akakodolea macho kile kipimo, akaagiza kirudiwe. Kidole kidogo cha mguu kilikatwa, tukaambiwa kidonda kikikataa kupona, mguu utafuata. Jui-teng alilala pale anaangalia dari, haongei na mtu, mpaka alipokuja dada mmoja mtaalamu wa lishe, ndipo akafungua mdomo.

"Dada, mimi nakoboa mpunga. Nikiacha wali, watu watasema mchele wangu una sumu."

Yule dada akacheka. "Nani kakwambia uache? Anza na mboga, halafu samaki au tofu ya soya, wali uje mwisho, na usizidi ngumi."

"Ngumi yangu au ya mke wangu?"

"Ya mke wako."

Akaitazama ngumi yangu kwa huzuni, Shangazi, mpaka nikacheka huku machozi yananitoka. Lakini tangu siku hiyo sijamwona akiongeza wali. Chai ya chupa aliacha, sigara aliacha, na sigara ilimtesa kuliko vyote, wiki nzima aligombana mpaka na mashine. Kidonda kilipofunga na daktari kumruhusu, akaanza kutembea kila baada ya kula, anazunguka kinu, anatokea barabara ya hekaluni, anarudi. Majirani wakawa wanamtania, "A-Teng, kuku wako amepotea tena?" Naye anajibu, "Ndiyo, njoo tumtafute." Sasa wanamfuata wazee watano sita, wote wanatafuta kuku. Kidole anajitoboa mwenyewe, anapima, sindano ya insulini anajichoma mwenyewe, halalamiki, na akikuta sukari imepanda hajidanganyi, anakaa anajiuliza alikula nini.

Na tulipokutana ukoo mzima kuwakumbuka wazee waliotutangulia, dada yake mkubwa, huyo huyo wifi yangu, alimwekea keki tamu ya mchele mbele yake, akamwambia mbele za watu, "Kula, kipande kimoja hakiui." Jui-teng akaisogeza taratibu kwa mikono miwili, akasema, "Dada, hicho kimoja nimekula miaka thelathini." Mimi nilitaka kusimama nipige makofi, nikaona haya, nikamwambia tu anywe supu.

Mara ya mwisho tulipokwenda hospitali, daktari alifurahi mwenyewe, wastani wa sukari wa miezi mitatu umeshuka vizuri, akampunguzia dawa. Basi tumetoka pale, hata pikipiki hatujawasha, mume wangu ananiambia, "Mama Hao, mwaka huu nakwenda kumshukuru Mama Mazu. Kwa miguu."

Shangazi, nilihisi ardhi inaondoka. Mguu ule ule! Nyayo bado zina ganzi, ukimkanyaga hajui. Na barabara yenyewe unaijua, watu wamepanga meza nje ya nyumba zao, wanakupa maandazi ya mvuke, uji wa maharage matamu, chai ya sukari, kwa moyo wote, wengine wazee wameinama kabisa na sinia, utakataaje? Na juzi kwenye mazoezi, alipotembea mpaka baharini, alianza kutetemeka, jasho baridi likamtoka, akakaa kando ya shamba, akala peremende alizokuwa nazo mfukoni mpaka akatulia. Alikuja kunieleza mwenyewe. "Nilichelewa kula, kosa langu." Mimi nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Yeye akachukua kipimo, akaenda kupima.

Sasa wifi ananiambia niende kimya kimya kwa Mjomba Kun-shan, kiongozi wa kundi lao la msafara, nimwambie mguu wa Jui-teng umeoza tena, wamkatae. Kun-shan ananiamini, atamkataa. Mume wangu atabaki nyumbani, atakuwa salama. Lakini ninamwona kila asubuhi anavyopaka mafuta ile miguu, taratibu, kidole kwa kidole, anaruka pale pasipo na kidole, na ulimi wangu unakuwa mzito. Ninampenda, ninamheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu, na ninaogopa kumzika. Je, niende kwa Kun-shan?

Mama Hao, Yuanli

*

Mama Hao,

Usiende kwa Kun-shan. Hilo tulimalize kwanza.

Mtu ameinuka kitandani na kidole kimepungua, ameacha sigara, ameacha chai tamu, amekuwa bwana wa mwili wake mwenyewe, halafu wewe utangaze mtaani kwamba ameoza? Siku akijua, na Yuanli yote nani asiyejua ya mwenzake, utakuwa umemvunja mahali ambapo sukari ilishindwa. Na wifi yako mwambie hivi: aliyekuwa anasukuma keki jana hawezi kuwa mganga leo.

Lakini hofu yako siidharau, mwenzangu. Una haki ya kuogopa. Mguu usiosikia maumivu ni jambo zito, hasa uliokwisha kupata kidonda. Mtu mwenye hisia akipata lengelenge anasimama. Mumeo atatembea juu yake mpaka jioni huku anasimulia hadithi. Na kule kutetemeka kando ya shamba, hiyo ni sukari iliyoshuka, na inaweza kumwangusha mtu barabarani watu wakadhani amelewa. Ila umeona alichofanya? Alikuwa na peremende mfukoni, alijua ni nini, alikaa chini, na alikuja kukwambia. Ungetaka mgonjwa gani zaidi ya huyo? Ukimfokea kwa kusema ukweli, mara nyingine atanyamaza, na hapo ndipo utakapokuwa na sababu ya kulia.

Sasa sikiliza. Mtakwenda kwa daktari pamoja, mapema, na si siku mbili kabla ya msafara. Mumeo aseme kwa mdomo wake anataka kutembea umbali gani. Daktari aitazame miguu, aseme kama inaruhusiwa, na apange insulini ya siku za kutembea, maana kutembea sana kunashusha sukari na dozi ya siku ya kukaa kinuni inaweza kuzidi. Asipunguze mwenyewe, wala wewe usimpunguzie kwa huruma.

Daktari akikubali, asiende njia yote. Achague kipande. Mama Mazu hajawahi kumfukuza mtu aliyemsindikiza nusu ya njia. Viatu viwe alivyokwisha kuvizoea, siyo vipya vya kupendezea, na soksi kavu za kubadilisha. Kila wanapopumzika avue, atazame nyayo, na asipoona vizuri mwenzake amtazamie. Akiona lengelenge, au hata wekundu tu, anapanda gari na safari imekwisha. Hilo akuahidi kabla hajatoka, tena mbele ya Kun-shan. Kwa Kun-shan mtakwenda, ndiyo, ila mtakwenda wawili, na mtamwambia ukweli: huyu ana kisukari, akitetemeka au akianza kuongea ovyo mpeni kitu chenye sukari, apime, akitulia ale chakula, asitembee mpaka awe sawa. Asipoweza kumeza, msimtie kitu mdomoni, iteni gari la wagonjwa.

Na chakula cha barabarani kisikuumize kichwa. Apokee kwa mikono miwili, ashukuru, ampe anayetembea nyuma yake. Hakuna bibi aliyewahi kumfuata mtu kuhakikisha ametafuna. Kuna meza zenye mayai ya kuchemsha, tofu na mboga, hapo ndipo asimame, na ale kwa saa zake.

Daktari akikataa, basi amekataa, na hapo ndipo mumeo ataonyesha ukubwa wake mara ya pili. Wekeni meza yenu nje ya kinu: chai isiyo na sukari, mayai, matango. Unafikiri katika msafara mzima ni yeye peke yake mwenye kisukari? Wapo wengi wanaotembea wakitamani meza kama hiyo, na wale wazee wake wanaotafuta kuku watapata kazi ya kugawa.

Wewe nawe nenda ukapime. Mmekula meza moja miaka yote hiyo. Usiniambie unajisikia mzima, hata yeye alijisikia mzima.

Mwisho, Mama Hao, na hapa nakukemea kidogo. Barua yako nimeisoma tena nikitafuta mahali ulipomwambia mumeo haya uliyoniambia mimi. Sijapaona. Alipoisogeza ile keki, ulimwambia anywe supu. Aliposema, "Kosa langu," ulimfokea. Sifa zote umezileta kwangu, mimi nisiyemjua Jui-teng hata kwa sura, na yeye anazunguka kinu kila siku akidhani mkewe anaona mgonjwa tu. Leo, kabla ya daktari, kabla ya viatu, mketishe umwambie, "Baba Hao, kwa ulivyojitengeneza, mimi nakuvulia kofia." Usiongeze "lakini". Sema, kisha nyamaza, hata akilia.