Kidevu cha Libérat

Nyamianda, Uvira
Februari 1999

Kwako mdogo wangu Cyprien,

Pokea salamu za kaka yako ambaye meno yamemkimbia ila ulimi umebaki. Weye na mkeo Pélagie muko wazima huko kambini Kigoma? Minye niko muzima. Juzi nimefukuza askari watatu kwa fimbo moja. Sawa, nimedanganya: nilikuwa chini ya kitanda, na fimbo wameibeba.

Habari ni za mtoto wenu. Ulimwacha Libérat kwangu na miaka kumi na tano, laini kama sahani; amefika kumi na nane, laini vilevile, na sauti ya masista. Nilimtania kila asubuhi, nikimuuliza kama wembe wake umepata kutu. Mwishowe nikampeleka kwa docteur. Akasema homoni ya kiume iko tele katika damu yake, pengine kupita yangu. Shida ni vipokezi. Kuanzia kidevuni mpaka kule chini, mwili hauipokei. Mgeni anapiga hodi, ndani hakuna wa kufungua. Na haitabadilika.

Nilishangilia, Cyprien! Maana waasi wakikamata vijana hawaulizi carte yenye umri. Wanapitisha kiganja kidevuni: kikikwaruza, unapanda camion kwenda vitani, kikiteleza, unarudi kwa mama. Nikamwambia ashukuru.

Hakushukuru. Wenzake walichukuliwa, akabaki kuteka maji na wasichana, nao wakamwita dada. Waasi walipopita tena na kupanga vijana mstari, kamanda akamgusa kidevu, akacheka, akamwambia aende akanyonye. Libérat akagoma kutoka mstarini. Akasema yeye ni mwanaume, ana miaka kumi na nane. Nikapiga kelele kwamba anadanganya, ana kumi na miwili. Akaniambia, mbele ya watu wote, nifunge kinywa.

Wakamchukua. Na kwa kuwa anafanana na mtoto, wakamtanguliza peke yake kwenye daraja la mto Ruzizi, eti mtoto hapigwi risasi.

Alipigwa. Wavuvi waliniletea mwili, nikamzika nyuma ya jiko. Nilimtafuta unywele mmoja kidevuni, nikuandikie kwamba ulikuwepo. Hakuna.

Mkalishe Pélagie chini kwanza, ndipo umsomee.

Na jambo moja: mama alipokufa, minye ndiye niliyekunyoa kichwa cha matanga, na ulilia kama mbuzi. Hujanirudishia. Hapa sina mwingine wa damu yetu. Njia ikifunguka, njoo uninyoe.

Kaka yako,
Nyandwi