Shahidi Uliyeniagiza Nimtafute

Kwako Kaka,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye benchi lako pale kwenye kitalu chako cha miche na si kitandani, maana Shemeji aliniambia kifua kimekurudia. Mama mwambie dawa yake ya miguu nimeipata. Sisi huku hatujambo, ila mke wangu analalamika kwamba silali. Nimemwambia kiti cha gari kimeniharibu mgongo. Huo ni uongo, Kaka, na leo nimechoka na uongo.

Nakuandikia kwa sababu ya lile uliloniagiza. Ulitaka nimtafute mtu aliyetia sahihi ya shahidi kwenye fomu ya ukaguzi wa mto, pale palipoandikwa "mwakilishi wa kampuni". Ulisema humtakii ubaya, unataka tu umtazame machoni. Nimempata. Lakini nivumilie kwanza nikueleze kazi inavyokwenda huku, la sivyo hutaelewa mtu mzima alifikaje pale.

Wewe machimbo unayajua kwa mlio wa baruti tu. Huku ndani jiwe linapasuliwa, linasagwa kuwa kokoto, halafu linaoshwa. Maji ya kuoshea yanatoka meupe kama uji. Sheria inataka yakae bwawani kwanza, tope litulie chini, ndipo yaachiwe. Bwawa letu lilijaa tope miaka mitatu iliyopita, siku hizi mbuzi wanakatiza juu yake. Kulizoa tope kunasimamisha kazi mwezi mzima, basi Msimamizi wa machimbo akaona bora bomba lifichwe kwenye majani, limwage mtoni moja kwa moja. Linamwaga upande wa juu wa kitalu chako.

Sasa, ofisi ya wakaguzi gari lao liko juu ya mawe, halina hata gurudumu. Wakitaka kutukagua, wanatuomba sisi tukawachukue. Usicheke. Ni kama polisi anaomba lifti kwa mwizi. Na dereva anayekwenda kuwachukua ni mimi.

Mkaguzi ni mama wa makamo, mpole, ana sanduku la barafu lenye chupa, na kila chupa anaiandika kwa kalamu nene kabla ya kuijaza. Kabla hajapanda gari nampigia Msimamizi simu, nasema maneno mawili tu: mzigo tayari. Huko wanazima mashine za kuoshea, wanafungulia tangi la maji safi lisafishe mdomo wa bomba na ukingo wa mto. Wanahitaji saa mbili. Njia ya darajani ni dakika arobaini. Kwa hiyo nazunguka kilima. Safari ya kwanza aliniuliza kama hakuna njia fupi zaidi, nikamjibu daraja limekatika. Akanipa pole kwa kazi ngumu. Pole ile mpaka leo sijaimeza.

Tulipofika, mto ulikuwa safi hata ungeweza kuhesabu mawe ya chini. Akachota. Akauliza mlalamikaji anakaa wapi, maana fomu inamtaka amfikie. Nikasema gari halifiki. Kaka, gari lile lile nimelileta kwako mara ngapi kupakia miche? Safari ya pili, hivyo hivyo.

Halafu ukaja ule mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akasoma fomu kwamba malalamiko hayana ukweli, wewe ukainua chupa yako ya maji meupe, naye akakuuliza umekoroga kwa unga gani, wa mahindi au wa mhogo. Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa nyuma, nimeegemea gari. Nami nilicheka, Kaka. Si kwa sauti, lakini meno yalionekana. Tangu siku ile wanakuita Bwana Uji, hata wateja wako wa zamani, na miche inakufa huku imevaa ukoko mweupe mbele ya macho yako.

Utaniuliza kwa nini nisiondoke. Mwezi uliopita nilimwendea Msimamizi nikamwambia atafute dereva mwingine. Hakukasirika. Akanikalisha, akanimiminia chai kwa mkono wake, sukari vijiko vitatu, anajua ndivyo ninavyopenda. Akasema dereva mzuri ana miguu, hana mdomo. Akaniuliza nyumba ninayolala ni ya nani, na kijana wako alipata kazi kwenye mashine ya kusaga kokoto kwa neno la nani. Mwisho akasema, taratibu kabisa, kwamba fomu ile ikionekana ni ya uongo, atakayefungwa si kampuni, ni aliyetia sahihi. Nikainywa chai ile mpaka nikaimaliza.

Hapo umeshamjua. Mwakilishi wa kampuni ni mimi. Uliponionyesha ile nakala hukuitambua sahihi kwa sababu niliivuruga makusudi. Nikakuficha wewe, uliyenifundisha kuandika jina langu kwa mkaa, ukutani, mpaka Mama akatuchapa wote wawili.

Kesho mkaguzi anakuja mara ya tatu, ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo faili linafungwa na machimbo yanapewa kibali cha miaka kumi. Nimekusudia nisipige simu. Nimekusudia nipite darajani, nimshushe mlangoni kwako, nimpe na barua hii, bahasha wazi. Nasema nimekusudia, sisemi nitafanya. Najijua. Hata safari ya pili nilikuwa nimekusudia.

Basi ikikufikia kwa mkono wa mama mwenye sanduku la barafu, ujue ameshaisoma. Usihangaike kumtafutia kiti. Mpeleke mtoni upesi, kabla huku hawajazima mashine.

Ikikufikia kwa mkono wa mtu mwingine yeyote, ujue nimezunguka kilima tena. Usije kwangu, sitaweza kukutazama. Ipeleke mkutanoni, aisome Mwenyekiti yule yule, kwa sauti yake ile ile.

Msalimie Shemeji. Mama usimwambie mpaka amalize dawa. Kijana wako mwombe radhi kwa niaba yangu, maana lolote litakalonipata litampitia na yeye.

Hapa chini nimetia sahihi. Safari hii sikuivuruga.

Ni mimi mdogo wako,
Dereva